Mama Mkwe Hayumo Kwenye Hesabu

Ukitaka kumpima mtu wa Phoenix kama ni mkweli, usimuulize mshahara wala umri. Muulize bili yake ya umeme ya mwezi wa saba. Mwenye nyumba yake, aliyeweka sola juu ya paa, atakutajia hadi senti huku akitabasamu. Mpangaji ataanza kwa kukohoa, kisha atakwambia, "Inategemea." Na mambo yenyewe inayotegemea hayamo mikononi mwake: ghorofa aliyopewa, dirisha linaloangalia magharibi, umri wa kiyoyozi, na idadi ya watu wanaofungua friji kutafuta kitu wasichokijua.

Jua lenyewe halina shida kulikisia. Jua la huku lina nidhamu. Mwaka 2023, kuanzia 30 Juni hadi 30 Julai, lilifikisha nyuzi 43 au zaidi kila siku, siku 31 mfululizo, Jumapili zikiwemo. Mwaka uliofuata siku 113 zilipita mfululizo bila hata moja kushindwa kufika nyuzi 38. Rekodi ya jiji ni nyuzi 50, iliyowekwa tarehe 26 Juni 1990, na waliokuwepo huisimulia kama wazee wa kwetu wanavyosimulia Vita vya Kagera. Usiku nao hausaidii, maana lami na kuta za zege hushinda zikinywa joto, na giza likiingia huanza kulitapika. Kwa hiyo mtu mwenye kalamu, daftari na data za hali ya hewa anaweza kabisa kupiga hesabu ya jua. Tabu ni watu.

Sisi tulipanga mwezi wa kwanza, kama wanavyopanga wengi. Phoenix ya Januari ni Lushoto iliyonyooshwa. Unatembea na sweta jepesi, ndege wanaimba, na dada wa ofisi ya nyumba anakuonyesha vyumba huku madirisha yote yako wazi. Nikamuuliza kuhusu umeme wa kiangazi. "Mia na kidogo," akasema, akahamia upesi kwenye habari za bwawa la kuogelea. Sikuridhika. Nikaipigia kampuni ya umeme, ambayo ukiwataka hukupa kumbukumbu za bili za nyumba unayotaka kuhamia. Mwezi wa saba wa mwaka uliopita: dola 128. Moyo ukatulia.

Hata hivyo mimi nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliandika hadi bei ya kiberiti. Nikakaa na daftari. Kiyoyozi chetu, nikaambiwa, ni cha tani tatu na kimekaa juu ya paa, moja kwa moja juu ya chumba cha kulala. Mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito, alitaka kwanza kujua kama paa lenyewe limekubali. Nikamtoa hofu: tani hizo si za mzani, zimebaki tangu enzi za kupoza vitu kwa barafu. Tani moja ni joto linalomezwa na tani moja ya barafu ikiyeyuka kwa saa 24. Akasema bado hapendi kulala chini ya barafu ya tani tatu.

Mashine ya namna hiyo hula kama kilowati tatu na nusu. Ikifanya kazi jumla ya saa kumi kwa siku, ni yuniti 35. Mwezi mzima, yuniti 1,050. Kwa senti 15 hivi kila yuniti, dola 157 na ushei. Nikaongeza kidogo chini, kwenye ule mstari ambao hakuna kamati ya harusi ya Mtanzania imewahi kuukosa: "Mengineyo." Jumla, dola 180. Daftari likafungwa.

Wa kwanza kulitikisa alikuwa mzee wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Uvira, mtu mpole sana. Nilimweleza habari za zile dola 128 akaniangalia kwa huruma. "Ndugu yangu, ule alikuwa anaendeshaka camion," akasema. "Alikuwa anakujaka hapa kuchukua barua." Maana yake ni kwamba kumbukumbu za mwaka mzima nilizopewa na kampuni zilikuwa za dereva wa lori aliyekuwa analala barabarani, na nilichopewa mimi ni bili ya friji yake. Mzee akaongeza kwamba yeye analipa kidogo kwa sababu juu yake kuna watu wanaopoza. Ubaridi wetu unashuka kwake, paa linatuunguza sisi. Akanishukuru kwa moyo mkunjufu, na kila akiniona hunishukuru tena.

Halafu kuna suala la saa. Mpango wetu wa umeme una bei mbili: ya kawaida, na ya kuanzia saa kumi alasiri hadi saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, ambapo kila mtu anarudi nyumbani kuwasha kila kitu. (Jimbo la Arizona limekataa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi tangu 1968, na nawaelewa kabisa. Nani anataka kuongezewa jua la jioni?) Bei ya jioni kuwa kubwa si ajabu. Kinachouma ni kipengele kingine: ndani ya masaa hayo, kampuni inatafuta saa moja tu ya mwezi mzima ambayo ulivuta umeme mwingi kuliko zote, inahesabu kilowati zake, na kila kilowati inalipiwa peke yake. Unaweza kuishi kama sufii siku 29. Saa moja ya anasa inatosha.

Nikapanga nyumba ifuate ratiba. Mapazia mazito upande wa magharibi. Kufua baada ya saa moja. Kile kidude cha ukutani cha kupangia ubaridi kikae 78, namba ambayo kwa vipimo vya Marekani ni kama nyuzi 25 na nusu za kwetu. Mwezi wa sita ukaanza vizuri. Kisha mtoto akazaliwa, na mama mkwe akashuka uwanja wa ndege na masanduku mawili, moja likiwa la viungo.

Mama amekuja kumkanda mzazi na kulea arobaini. Kwa hilo tulimshukuru Mungu na tunaendelea kumshukuru. Lakini mama ni mtu wa Pangani. Nyumba aliyoizoea inapozwa na bahari, madirisha yapo kwa ajili ya kufunguliwa, na upepo unaotoka kwenye mashine ni sababu ya magonjwa yote kuanzia mafua hadi kuachwa na mume. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya kile kidude, akavaa miwani.

"Sabini na nane!" akamwambia binti yake. "Mnamchemsha mtoto?"

Akabonyeza hadi 65. Baada ya muda akahisi ubaridi. Mzazi akipigwa na baridi tumbo linaharibika, hilo kila mtu anajua. Kwa hiyo namba akaiacha chini ili joto lipungue, na dirisha akalifungua ili baridi isizidi. Nje palikuwa na nyuzi 44. Mashine ikaanza kunguruma pale juu na sikumbuki kuisikia ikinyamaza tena hadi mwezi wa tisa. Kushusha namba hakuifanyi ipoze haraka zaidi, inaifanya tu isipumzike, na dirisha likiwa wazi ilikuwa imepewa kazi ya kuipoza Arizona.

Mtauliza kwa nini sikusema. Mama mkwe haambiwi "funga dirisha." Mama mkwe anaambiwa "shikamoo." Nilipitisha ujumbe kwa mke wangu, ambaye alikuwa na mtoto wa siku chache na hakuwa na nafasi ya kusikia habari za kilowati. Nilipokuwa peke yangu sebuleni nilikuwa nalisogeza dirisha kidogo kidogo, kama mwizi. Nikirudi kutoka jikoni, liko wazi. "Baba, hewa ilikuwa nzito," ananiambia kwa upole, nami namjibu, "Ndiyo, mama."

Siku moja aliniuliza Luku yetu, mita ya kulipia kabla kama ya kwao, iko wapi. Nikamweleza kwamba katika mpango wetu hatuingizi namba, tunatumia kwanza.

"Sasa mnajuaje mmetumia kiasi gani?"

"Tunaambiwa mwisho wa mwezi, mama."

"Na mnakubali?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Kuna kampuni hapa inayouza umeme wa kulipia kabla, unawekewa kisanduku ndani kinachoonyesha dola zikipungua, na baada ya swali lile nilianza kuwaonea wivu wateja wake. Luku ina ukatili wake, hasa ikikata katikati ya fainali, lakini haijawahi kumvizia mtu.

Maji nayo. Bomba la maji baridi hapa, wakati wa kiangazi, hutoa maji ya moto, kwa kuwa mabomba yanapita kwenye ardhi iliyopikwa miezi. Maji ya kumkanda mzazi yalikuwa yanapatikana bure, ukifungua tu upande wa bluu. Mama aliyagusa, akasema ni vuguvugu la bahati mbaya, halina nia. Akabandika sufuria kubwa jikoni.

Ndipo ikafika Alhamisi ya wageni. Waswahili wa hapa hawakosi pa kutokea: kulikuwa na Watanzania, Wakenya wawili, familia ya Warundi yenye watoto wengi, na mzee wetu wa Uvira aliyepanda ngazi kuja kumwona mtoto. Mama alikuwa ameanza kupika saa kumi kamili. Nitaeleza hali ilivyokuwa saa kumi na moja na nusu, kwa kuwa nilisimama katikati ya nyumba nikaitazama kwa macho yangu. Majiko yote manne yamewaka: pilau, mchuzi, maharage, maji ya kumkandia mzazi. Oveni ina kuku. Tangi la maji ya moto linajaza upya kwa sababu mtoto ameogeshwa. Kiyoyozi kinalia juu. Na mashine ya kukaushia nguo inazunguka na nepi.

Kuhusu hizo nepi nina la kusema. Phoenix ni mahali ambapo kanga ikianikwa nje hukauka kabla hujabana kibanio cha pili. Mkataba wetu wa kupanga unakataza kuanika nguo kwenye baraza, eti zinaharibu sura ya jengo. Jengo lenyewe lina rangi ya uji. Basi tunanunua umeme wa kilowati tano ili tuigize, ndani ya sanduku la bati, kile ambacho jua linakifanya bure hatua mbili kutoka hapo.

Wageni wakala, wakasifu, wakaaga. Mnajua kuaga kwetu. Kunaanzia kwenye kochi, kunasimama, kunakaa tena, kunahamia mlangoni, na mlangoni ndipo habari zote muhimu zinapotolewa. Mlango ulifunguliwa wakati dada mmoja wa Kirundi akisema, "Haya, sisi twende." Ukafungwa baada ya kumaliza ugonjwa wa shangazi yake, bei za tiketi, na dua. Watoto wao walikuwa wanaingia na kutoka. Nilihisi joto likipita miguuni mwangu likielekea chumbani, kama mgeni mwingine.

Bili ilikuja dola 438. Kwenye mstari wa ile saa moja ya mwezi iliandikwa tarehe, na ilikuwa ile Alhamisi.

Nilisoma sheria zote. Sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha yenye kiyoyozi ahakikishe vyumba havizidi nyuzi 28. Inataka kiyoyozi kifanye kazi, haimtaki akilipie. Kukatiwa umeme katikati ya kiangazi sikuogopa, kwa kuwa jimbo lilizuia jambo hilo mwaka 2019, baada ya mama mmoja mzee wa viungani kufariki kwenye joto mwaka uliotangulia, umeme wake ukiwa umekatwa kwa deni la dola 51. Hapo hakuna cha kucheka. Lakini kuzuia kukata si kufuta deni. Linakusubiri hadi Oktoba.

Mke wangu, ambaye ana akili ya biashara kuliko mimi na daftari langu, akaomba tuhamishiwe kwenye malipo ya wastani. Kampuni inachukua mwaka mzima, inaugawa, unalipa kiasi kinachofanana kila mwezi. Ni mpango mzuri, naupendekeza kwa kila mpangaji anayeuliza. Ila matokeo yake ni kwamba mama aliondoka mwezi wa tisa, akafika salama, na kwenye bili zetu bado yupo. Desemba tulimlipia. Januari, tukiwa na sweta na madirisha wazi, tumemlipia dirisha lake la Julai.

Juzi walikuwa wanaongea kwa simu. Nilimsikia mke wangu, kwa ustaarabu wa hali ya juu, akimgusia mama yake kwamba umeme wa kiangazi kile ulikuwa juu kidogo. Mama akasikitika kweli kweli. Akasema ni hiyo mashine ya juu ya paa, alijua tangu siku ya kwanza kuwa haina faida. Yeye anakuja tena mwezi wa sita na mama mdogo, na safari hii tusiiwashe kwa ajili yake, maana ile nyumba yetu, ukifungua madirisha, ina upepo mzuri sana.