Namna ya Kuigiza Mkasa wa Sonezaki Mjini Kasongo

Kwanza tafuteni mjomba. Wapenzi wapo kila mtaa, lakini mchezo huu unabebwa na mjomba mkali. Chikamatsu Monzaemon aliuandika kwa jina Sonezaki Shinjū, mchezo wa vikaragosi ulioonyeshwa Osaka mwaka 1703, mwezi mmoja hivi baada ya wapenzi Tokubei na Ohatsu wa kweli kujiua pamoja.

Tokubei ni karani katika duka la mjomba wake, la sosi ya soya. Kasongo mpeni duka la chumvi na sabuni. Mjomba amekwisha kumchagulia mke, na fedha ameshapewa mama wa kambo kabla kijana hajaulizwa. Hapo msieleze sana: kuanzia Kasongo hadi Kabambare, nani hajui uzito wa mali ya ndoa?

Kijana anakataa, kwa kuwa anampenda Ohatsu. Anaikomboa fedha kwa mama ili airudishe, kisha anamkopesha rafiki yake Kuheiji kwa siku chache. Kuheiji ni mfanyabiashara wa mafuta, basi mvisheni shati lenye madoa ya mawese. Siku ya kulipa anaruka deni, anadai hati ni ya kughushi, na Tokubei anapigwa mbele za watu.

Sasa mguu, na hapa fanyeni mazoezi mpaka mchoke. Ohatsu ni mwanamke wa danguro, hana ruhusa ya kutoka. Tokubei amejificha chini ya baraza, Kuheiji ameketi juu akimtukana. Ohatsu anasema kama anayejisemea, anashusha mguu, anauliza kama yuko tayari kufa. Tokubei anaushika, anaupitisha kooni mwake. Ndilo jibu lake. Baraza la udongo halina uvungu, kwa hiyo tumieni kitanda cha kamba.

Mwaka 1723 serikali ya Edo ilipiga marufuku michezo ya namna hii, kwa kuwa wapenzi waliiga. Nanyi ogopeni. Simamisheni mchezo kabla wawili hao hawajafika msituni wanakokwenda kujiua. Mleteni mjomba mbele, watazamaji wamhoji. Sheria ya Familia ya Kongo, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka kila mchumba aridhie mwenyewe; mjomba asomewe hapo hapo.

Na wewe mjomba uliyeketi mstari wa mbele, mwenye mpwa wa kuozwa mwaka huu: kabla hujapokea mbuzi wa watu, muulize mtoto anampenda nani.