Alama za Mtoto wa Migato

Kijana wetu wa Migato, mkoani Simiyu, aliyetoka kwenye mashamba ya pamba hadi masomo ya uzamivu huko Kanada, sasa anaomba ukaazi wa kudumu kama mfanyakazi stadi. Mwaka 2011 nchi ile ilitenga nafasi 1,000 kwa mwaka kwa wanafunzi wa uzamivu waliomaliza walau miaka miwili ya masomo. Lakini tangu 2015 maombi hupitia mfumo wa Express Entry, na mtu anapimwa kwa alama.

Tasnifu anaandika kwa Kiingereza, watoto wa Wakanada anawafundisha kwa Kiingereza, lakini mtihani wa Kiingereza lazima aufanye, na matokeo yanachacha baada ya miaka miwili. Labda angeyaweka kwenye jokofu.

Utamu zaidi uko kwenye umri. Ukifika 30 alama zinaanza kupungua; 45, huna kitu. Huku Simiyu mtu wa 45 ndiyo kwanza wazee wanamwachia aseme neno kikaoni! Na uzamivu wenyewe hauivi mapema: shahada inampa, umri unamnyang'anya.

Mama yake anataka kujua jambo moja tu: wakishampenda, wanatoa ng'ombe wangapi.