Asiyekuwepo na lake

Waache wengine wawasifu magavana na wachezaji mpira. Mimi namsifu Mheshimiwa Kutokuwepo, mtumishi wa serikali anayehudumia Masisi na Walikale, huku Kivu mashariki mwa Kongo, bila mshahara na bila kugoma. Wazee walimtungia kanuni yake zamani: asiyekuwepo na lake halipo. Watunga sheria za uraia kule Kinshasa wameiongezea tarehe tu.

Alianza kazi kwa upole. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji waliwaleta Masisi makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda, kwa mpango walioupa jina Mission d'Immigration des Banyarwanda, wakawagawia mashamba Gishari, katika nchi ya Wahunde. Sisi mgeni humkirimu siku mbili, ya tatu tukampa jembe. Hawa walipokea jembe siku waliyofika. Kilichochelewa ni karatasi. Ikaja sheria ya 5 Januari 1972: aliyetoka Ruanda-Urundi akahamia Kivu kabla ya 1 Januari 1950, na tangu hapo akaendelea kukaa nchini, ahesabiwe Mzaire tangu 30 Juni 1960. Hayo maneno ya kuendelea kukaa ndiyo yaliyompa Mheshimiwa ofisi. Chukua ndugu wawili waliokuja pamoja. Mmoja akapalilia viazi vyake asivuke mpaka. Mwenzake akahamia Uganda kutafuta maisha. Wa kwanza alilala mgeni akaamka raia, wa pili akabaki na mizigo yake.

Kazi ya nusunusu haimpendezi. Sheria ya 29 Juni 1981 ilimwongezea mamlaka hadi 1 Agosti 1885: kabila lako, siku hiyo, lilikuwa ndani ya mipaka? Mipaka yenyewe wakati huo ilikuwa wino kwenye ramani za Ulaya. Mjerumani von Götzen aliliona Ziwa Kivu 1894, miaka tisa baadaye, na mpaka wenyewe ulikubaliwa na wakubwa huko Brussels mwaka 1910. Kumfanya mtu akose kuwepo kabla babu yake hajazaliwa ni ufundi ambao hata wachawi hawajaufikia.

Sheria ya 12 Novemba 2004 ilirekebisha mengi, nayo katiba ya 2006 ikairudia: raia wa asili ni wale wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilikuwa ndani ya Kongo ilipopata uhuru. Vizuri. Lakini Mheshimiwa hakuwa amekaa akisubiri katiba. Machi 1993 damu ilimwagika katika soko la Ntoto, Walikale, moto ukasambaa Masisi, na tangu hapo hajapumzika. Wahutu walikimbia, Watutsi walikimbia, Wahunde na Wanyanga wakakimbia vilevile, maana katika kazi yake hana ukabila. Waliovuka mpaka walifikia kambi kama Kiziba, iliyofunguliwa Rwanda mwaka 1996, ambako wapo waliozaliwa, wakaoa na kupata watoto bila kuiona Masisi. Februari 2010 Kongo, Rwanda na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walitia saini mapatano ya kuwarudisha nyumbani, zikapangwa kamati za wenyeji za kuwapatanisha na waliobaki. Anayerudi anahitaji shahidi kwamba alikuwepo zamani. Shahidi mwenyewe, siku hiyo, yuko kambini Uganda.

Wala usidhani ni lazima uvuke mpaka ndipo akuhudumie. Kongo haijatoa kitambulisho cha taifa kwa watu wote kwa miaka mingi. Wengi wetu tunajitambulisha kwa kadi ya mpiga kura, na kadi huja na uchaguzi. Uchaguzi wa 20 Desemba 2023 haukufanyika Masisi, sababu ya vita. Kwa hiyo mtu aliweza kukaa mlimani kwake, ng'ombe wake wakimtazama, na serikali isimwone.

Umaarufu wake umefika ng'ambo. Wakimbizi wetu waliopelekwa Marekani huomba uraia baada ya miaka mitano, na fomu inawadai kila safari ya nje iliyozidi siku moja. Katika miaka hiyo mitano ni lazima uwe umekaa ndani ya nchi angalau miezi 30. Ukitoka zaidi ya miezi sita mfululizo, ofisa ana haki ya kusema umekatiza makazi. Ukifikisha mwaka, kwa kawaida unaanza upya. Kijana wa Masisi anayefiwa na mama yake huko Nakivale, kambini Uganda, hukaa matanga na kalenda mkononi. Shangazi wanalia, yeye anatoa na kujumlisha. Akishaapa kule, sheria ya Kongo, isiyokubali uraia wake uchanganywe na mwingine, inamwondoa huku. Mheshimiwa huvuna pande zote mbili, na mbegu hakununua.

Huyo kijana akitaka kurudishiwa uraia wa Kongo, sheria inamtaka awe na mafungamano ya wazi na nchi: ya utamaduni, ya kazi, ya mali, ya familia, au ya moyo. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Natamani kumwona karani anayeupima moyo, na muhuri anaougonga.

Kwa utumishi huo wote, naomba Mheshimiwa mwenyewe apewe uraia. Mgeni wa kuandikishwa anadaiwa miaka saba ya kukaa Kongo: yeye tangu 1993 hajatoka Masisi hata usiku mmoja. Anadaiwa lugha ya nchi: anasema Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda na Kiswahili, na Kifaransa cha ofisini anakijua kutushinda sote. Mashahidi anao, kila nyumba iliyobaki wazi. Sharti la mwenendo mwema ndilo litakalomsumbua kidogo, ingawa nimeona faili mbaya kuliko ya kwake zikipita.