Kila Korokoro na Mwenyewe

Umeme ulikatika saa mbili na nusu usiku. Si wa mtaa, wetu peke yetu. Uniti zilikuwa zimeisha. Nikanunua nyingine kwa simu, namba 20 zikaingia, nikashika rimoti ya LUKU niziingize. Rimoti kimya. Betri zimekufa. Nikafungua droo ya kabati la sebuleni huku nikimulika kwa tochi ya simu, nikakuta betri 14. Nikazijaribu mbili mbili, nyingine nikaziuma kidogo kama tulivyokuwa tunafanya utotoni ili zipate nguvu. Zote 14 zilikuwa maiti. Mtu gani anatunza maiti 14 kwenye droo? Mke wangu aliuliza swali hilo hilo kwa sauti, akinitazama mimi.

Hapo hapo gizani, mshumaa mkononi, akatoa tamko. Kuanzia Jumamosi tunapunguza vitu humu ndani. Eneo moja moja: droo, jiko, chumba, stoo. Kisichotumika kinatoka.

Alikuwa amesoma habari za Marie Kondo, yule mama wa Kijapani ambaye kitabu chake cha kupanga nyumba kilitoka kwao kwanza, na kipindi chake kikaonyeshwa Netflix mwaka 2019. Kusema kweli Kondo hafundishi eneo kwa eneo. Yeye anataka aina kwa aina: nguo zote za nyumba kwanza, halafu vitabu, karatasi, vikorokoro, na mwisho kabisa vitu vya kumbukumbu. Unashika kimoja kimoja unajiuliza kama kinakupa furaha. Kama hakikupi, unakishukuru, unakiaga. Tulipopiga hesabu tukaona nguo zote za nyumba hii zikimwagwa kitandani hatutapata pa kulala mpaka Alhamisi. Aina tukaziacha, shukrani tukazichukua.

Kilichotuponza ni kalenda. Wiki ile ile mama yangu aliingia kutoka Muheza, alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho. Alimsikiliza mkwewe kwa utulivu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yaani huyo mama anaishukuru soksi?"

"Ndiyo, mama."

"Na soksi inaitikia?"

Akaomba kiti, akakiweka kwenye mlango wa uani, njia pekee ya kwenda kwenye pipa la taka. Forodha ilikuwa imefunguliwa.

Droo ilitupa moyo. Tulitoa betri. Tulitoa rimoti tatu za ving'amuzi. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, nyumba hii imezika ving'amuzi vitatu, na kila kimoja kimeacha mjane. Tulitoa chaja za Nokia za pini nyembamba, na funguo 23. Nilizunguka na funguo hizo nyumba nzima nikijaribu kila kufuli na kila kitasa, hakuna hata mmoja uliofungua kitu. Nikazitupa kwa raha zangu. Jumatatu nilipofika kazini, kabati langu la mafaili lilikuwa limefungwa.

Lakini jikoni ndiko kuliko na mambo.

Sisi tuna vyombo vyetu na vyombo vya wageni. Vyetu ni sahani zilizobabuka, vikombe vilivyokatika mikono, na makopo ya aiskrimu, ambayo kila mtoto wa nyumba hii amewahi kuyafungua kwa shangwe mara moja maishani mwake akakuta maharage. Vya wageni viko kwenye kabati la vioo, na wageni wenyewe hawavijui, maana mgeni wa hadhi ya vyombo vile hajawahi kufika. Chupa za chai saba. Hotpoti tisa, zote za harusi yetu ya mwaka 2009, tatu bado zimo kwenye maboksi yake.

Mke wangu akafungua boksi mojawapo. Ndani ya hotpoti mlikuwa na bahasha. Ndani ya bahasha, noti nne za shilingi 10,000, zile za toleo la 2003.

Niliitambua ile bahasha kabla hajamaliza kuichana. Niliificha mimi mwaka 2010, akiba yangu ya dharura. Kijana aliyeoa juzi hajui safari itaishia wapi. Hotpoti niliichagua kwa akili kabisa: cha wageni hakifunguliwi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi mno, hata mimi sikuifungua. Na Benki Kuu haikufanya siri. Ilitangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, zipelekwe zikabadilishwe kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025. Tangazo nililisikia kwa masikio yangu kwenye redio ya daladala. Nikamgeukia jirani yangu wa kiti nikamwambia, mimi za zamani sina, na za sasa sina. Tukacheka sana.

Siku tunafungua boksi ilikuwa Juni.

"Elfu arobaini," mke wangu akasema, taratibu. "Mwaka 2010. Wakati tunakula dagaa asubuhi na jioni."

Nilitafuta la kujibu nikakosa. Nikafuata mafundisho: nikazishukuru zile noti. Mama akainuka kitini, akazipokea, akazifunga kwenye pindo la khanga yake. "Pesa haitupwi," akasema, akarudi zamu.

Chini ya sinki, nyuma ya mtungi wa gesi, tukafumania kitu kingine. Mfuko mkubwa wa rambo, na ndani yake mifuko mingine ya rambo, kila mmoja umekunjwa pembetatu, kona ndani ya kona, mnono kidogo katikati, sawasawa kabisa na sambusa. Mkono ule nilikuwa naujua tangu utoto. Nikaubeba hadi mlangoni nikamweleza mwenyewe, kwa adabu, kwamba mifuko hii imepigwa marufuku Tanzania Bara yote tangu Juni 1, 2019, na anayekutwa nayo faini yake haipungui shilingi 30,000.

"Kwa mmoja?" akauliza.

"Sijui, mama. Tuseme kwa mmoja."

Akaipokea, akaanza kuihesabu pajani, sambusa baada ya sambusa. Ilikuwa 46. Mama yangu aliuza vitumbua miaka 20, hesabu haimpigi chenga. "Milioni moja, laki tatu na themanini elfu," akasema. "Kumbe humu ndani mwenye mali ni mimi." Ikarudi nyuma ya mtungi wa gesi, na sasa nikipika chai naogopa kugongewa mlango.

Chumbani sitachukua muda wenu. Mimi nilitoa suruali mbili za kiuno 30, ambazo nilikuwa nazisubiri miaka kumi zinirudie. Mke wangu, mwenye tamko lake, alikwama kwenye sare. Kila harusi ina sare, kila kitchen party ina sare, na kitenge cha harusi ya mdogo wake hakivaliki kwenye harusi ya binamu yake, nimeelezwa sababu nikasahau. Magauni 11. Alishika moja moja kama Kondo anavyotaka, na kila moja likampa furaha, hata lile lisilopita mabegani. Sikusema neno. Mtu mwenye bahasha yake kwenye hotpoti hana mdomo.

Stoo niliitengea Jumamosi ya nne, na nilipanga kuifanya mama akiwa amelala. Majira ya saa nane mchana akapita yule kijana wa guta na spika yake: chuma chakavu, betri mbovu, redio mbovu, feni mbovu! Nikamfungulia geti la nyuma kimya kimya. Tukapakia fremu ya baiskeli, mguu wa cherehani, sufuria zilizotoboka, na pasi ya mkaa, ile ya kizamani yenye jogoo mdogo wa chuma kwa mbele, unayemzungusha ndipo mfuniko ufunguke. Kishungi cha jogoo kilikuwa kimekatika. Kijana akatundika vitu kwenye mzani wake wa ndoano, akanipa 7,500. Nilijiona mfanyabiashara.

Mama aliamka saa kumi, akanywa chai, akafuta mdomo. "Baba, ile pasi yangu ya jogoo iko wapi? Nataka niondoke nayo."

Nikajikohoza.

"Pasi ile ndiyo iliyokupigia kaptula ya shule miaka saba," akaendelea, bado hajajua. "Kwa unadhifu ulikuwa wa kwanza darasani. Kwa masomo wa 38."

Nilikodi bodaboda. Yadi ya vyuma nikaikuta baada ya kuuliza mara tatu, na pasi nikaikuta imewekwa pembeni, juu ya tairi, imeshafutwa vumbi. Nikamwambia kijana nimekuja kuichukua, anikate hela yake.

"Elfu kumi na tano, mzee."

"Elfu kumi na tano? Mzigo mzima umeuchukua kwa elfu saba na mia tano!"

"Ni kweli, mzee. Ulipouza ilikuwa chuma. Sasa hivi ni pasi."

Nimesoma uchumi chuo miaka mitatu, na hakuna mhadhiri aliyewahi kulieleza somo la thamani kwa ufupi namna ile. Nikalipa. Wakati nasubiri chenji nikaona feni ya mezani, nzuri tu, waya wake mzima. Kijana akasema inazunguka, inataka kapasita tu. Bei yake haikuwa mbaya.

Mke wangu alikuwa amesimama getini. Aliitazama pasi, akanitazama mimi, akaitazama feni. Feni aliitazama muda mrefu zaidi.

Jioni ile nilimsomea mama habari niliyokuwa nimeipata kwenye simu: kwamba mwaka 2023, akiwa na watoto watatu, Marie Kondo mwenyewe alikiri kuwa siku hizi nyumba yake haina mpangilio kama zamani, anaangalia zaidi muda wake na wanawe. Mama alikuwa anapaka pasi yake mafuta ya nazi. "Angenipigia simu," akasema, "ningemwambia mapema."

Sasa stoo iko wazi upande mmoja. Upande wa pili kuna feni, na kuna begi la bluu. Begi hili mimi nilijua ni la ndugu wa mke wangu. Yeye alijua ni la ndugu yangu. Miaka kumi na zaidi tumelifagilia pembeni kwa heshima, kila mmoja akichunga ukwe wake. Tulipoulizana ndipo tukagundua hakuna anayemjua mwenyewe. Mama amekataa lisitupwe, begi la mtu ni begi la mtu. Tulifungua zipu nusu tu, tukaona kitana, kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu, na soksi moja ya kijivu.

Basi ndugu yangu, kama mwaka 2014 au karibu na hapo ulilala kwetu Tabata siku mbili tatu, ukaaga ukisema begi utalifuata wiki ijayo, tunakuomba uje. Soksi yako ya pili tumeipata, ilikuwa kwenye droo ya betri. Chakula utapewa kwenye vyombo vya kabati la vioo, tumeshakubaliana. Na ukiondoka, feni ni yako.