Ombi Fupi, Jamani, Wali Unapoa

Mtu akisema "tufumbe macho tuombe kwa kifupi," mimi huanza kutafuta mahali pa kuegemea. Hicho kifupi nakijua. Huanzia kuumbwa kwa mbingu na nchi, kikapita kwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, kikazunguka mikoa yote, na wakati huo pilau iko mezani, inapoa bila mtetezi.

Nasali katika jumuiya ya Walutheri, mojawapo ya zile za nyumba kwa nyumba. Tunaimba, Neno linasomwa, sadaka inakusanywa, kisha unafika muda wa maombi. Hapo ndipo ninapopata kujua mtoto wa nani kafukuzwa kazi, ndoa ya nani inayumba, na nani hajamaliza ahadi ya jengo. Si umbea, la hasha! Umbea ni dhambi. Ni maombi. "Ee Bwana, umguse dada yetu, wewe unamjua, yule wa geti la bluu, ambaye siku hizi anarudi saa nane za usiku." Bwana anamjua, sawa. Basi geti la bluu wanatajiwa akina nani kama si sisi?

Tuna mama mmoja, mzee wa kanisa, ambaye ugomvi wake na mkwewe unapiganwa macho yakiwa yamefumbwa. Usoni hamwambii neno. Anangoja zamu yake, ndipo aombe roho ya uvivu imtoke "binti yetu". Mkwe naye kaokoka, anaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Zamu yake ikifika, anawaombea mama wakwe wa dunia nzima wapewe ulimi wa kiasi. Mungu wa majeshi kageuzwa balozi wa nyumba kumi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba jambo hili lilishasemwa zamani. Katika Mathayo sura ya 6, Yesu aliwaonya wanafunzi wasidhani watasikilizwa kwa wingi wa maneno, kwa kuwa Baba anajua haja zao kabla hawajafungua kinywa. Kisha akawapa Baba Yetu. Ipimeni kwa saa: dakika moja haiishi, na ndani yake mna ufalme, mkate, msamaha na majaribu. Petro naye, alipoanza kuzama ziwani, alilia kwa maneno mawili tu akashikwa mkono. Angeanzia kwa Ibrahimu, tungekuwa tunasimulia mengine.

Sasa kama Baba anajua, tunaomba ya nini? Vijana wa Kipaimara huuliza hivyo, wakaambiwa wakasome Katekisimu. Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, alilijibu swali hilo mwanzoni mwa karne ya 5, akimwandikia mjane aitwaye Proba. Mungu hasubiri kupewa taarifa, alisema; kwa kuomba, hamu yetu inakuzwa mpaka tuweze kupokea alichotuandalia. Yaani anayetengenezwa pale ni mwombaji mwenyewe. Kule Gethsemane kikombe hakikuondolewa, lakini aliyeomba aliinuka akawaendea waliokuja kumkamata. Wanafunzi walikuwa wamelala, ila tusiwaseme sana; kwenye mikesha tunajuana.

Na Luther wetu je? Mwaka 1535 kinyozi wake, Peter, alitaka kujua namna ya kuomba, akaandikiwa kijitabu kizima. Humo anakumbushwa kwamba kinyozi hodari huweka macho na akili kwenye wembe. Akipiga soga huku anatazama pengine, atamkata mteja pua, au hata koo. Maombi nayo yanadai moyo mzima. Sisi tunaobeba jina la Luther tunaomba wembe ukiwa mkononi, macho tumefumba, akili yote iko kwa mkwe.

Nilipomshauri mwenyekiti tupunguze, alinitazama kwa huruma akasema, "Ndugu yangu, umepoa kiroho." Jioni ileile nikaombewa. Sikutajwa jina, maana jumuiya yetu ina heshima, nilikuwa tu "ndugu yetu mrefu mwenye shati la kijani, anayesumbuliwa na roho ya tumbo." Amina zilikuwa nyingi.

Wala sipingi maombi marefu. Yesu mwenyewe alikesha mlimani usiku kucha akimwomba Mungu. Lakini alipanda mlimani. Hakuwaweka watu mbele ya sahani.

Kwa hiyo, mpendwa utakayeombea chakula Jumamosi hii: shukuru, bariki, sema amina, keti. Habari za mkweo zipeleke chumbani kwako, ufunge mlango kama ulivyoagizwa, uombe hata mpaka alfajiri. Na ukishamaliza, mpigie simu mkwe mwenyewe uongee naye.