Sifa za Kutu ya Mwanyani

Kutu ya kawaida ina makeke. Hujianika juu ya bati, wekundu wake ukisomeka tangu barabara kuu pale Same, kama bango la mgombea. Leo namsifu ndugu yake mnyenyekevu: kutu ya mwanyani, inayojibanza chini ya washa, kwenye nyuzi za bolti, na pale bati linapolalia bati.

Huko Upareni, iliko Same, ni mwenyeji wa siku nyingi. Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno, walifua chuma mpaka Wachagga wakawa wateja wao. Uso wa jembe ulisuguliwa na udongo ukang'aa. Msuka, uliozama ndani ya mpini, ulibaki gizani na unyevu wake. Humo ndimo mheshimiwa alimopanga chumba.

Na ni mchapakazi! Huanza kwa kuimaliza oksijeni ya maji yaliyonasa mwanyani, huku nje ikiwa tele. Tofauti hiyo tu inamtosha. Chuma cha ndani huanza kuyeyuka, kloridi za chumvi huvutwa ziingie, maji yanageuka asidi, na asidi inakula chuma zaidi. Mtaji haombi kwa mtu.

Hana ubaguzi pia. Titani, metali ya wenye nazo, hujivika utando wa oksidi usioonekana kwa macho na kuidharau bahari nzima. Ipeleke basi kwenye mtambo wenye maji ya chumvi yaliyopita nyuzi joto 70 hivi, uibane kwa gasketi. Nje itaendelea kumeta. Chini ya gasketi inatobolewa. Wahandisi hulazimika kununua titani iliyotiwa paladi, robo ya asilimia au pungufu, na bei yake waulize wao. Mpangaji huyo huyo wa mpini wa jembe la Ugweno ndiye anayepewa heshima hiyo!

Wapo wanaodhani Same mjini, upande wa milima ya Upare unaonyimwa mvua, kutu huyu hana riziki. Wanamdharau bure. Umande wa alfajiri ukipenya kati ya mabati mawili, jua haliufikii, na ukiyatenganisha utakuta unga mweupe wa zinki iliyoliwa, doa la kahawia likianza katikati.

Machi 2025 ulizinduliwa mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, unaovuta maji kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu. Wananchi walishangilia mabomba. Yeye, nadhani, alikuwa akihesabu flanji.