Namna ya Kuifikisha Tovuti Kidugala Bila Kuipandisha Basi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyejenga tovuti nzuri, akaiweka kwenye seva iliyoko Marekani, kisha akatangaza kuwa imefika Tanzania nzima. Ndugu yangu, haijafika. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliye likizo nyumbani Kidugala, Wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe, amebonyeza kiungo cha mitihani iliyopita na anatazama kiduara kikizunguka. Bando ni lake, muda ni wake, na baridi ya Juni inampiga yeye. Wewe umebakiwa na kazi moja: kuzisogeza kurasa zako karibu naye. Kazi hiyo inafanyika kwa huduma ya Amazon CloudFront, ukiiamrisha kupitia boto3, maktaba ya lugha ya Python. Fuata hatua kwa mpangilio na utakuwa umemaliza kabla ya chai ya saa nne.

Mahitaji

Python na boto3. Akaunti ya AWS. Hifadhi ya S3 yenye mafaili yako. Simu ya bei nafuu, iliyokwishatumika, yenye laini ya kawaida. Na mtu mmoja wa Kidugala aliye tayari kukwambia ukweli. Hili la mwisho ndilo gumu kupatikana, na bila hilo mengine yote hayana kazi.

Hatua ya 1: Fanya hesabu ya mwanga

Ndani ya uzi wa kioo wa mkongo, mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni mbio kubwa, lakini kutoka Makambako hadi kaskazini mwa Virginia, zilikorundikana seva nyingi za Amazon, ni zaidi ya kilomita 12,000 hata ukinyoosha njia kama kamba. Kwenda na kurudi mara moja tu ni milisekunde 120 na ushee. Tena ukurasa salama hauji kwa safari moja. Kuna safari ya kufungua muunganisho, safari ya kukubaliana funguo za siri, na safari ya kuuomba ukurasa wenyewe. Herufi ya kwanza haijatokea na theluthi ya sekunde imekwisha kupita, kwa njia iliyonyooka ambayo haipo popote. Mikongo ya baharini kama SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza kazi mwaka 2010, hufuata bahari inakopita.

Ukinunua seva yenye nguvu mara kumi, umbali utabaki uleule. Kinachowezekana ni kuiweka nakala karibu na anayeihitaji.

Hatua ya 2: Ielewe Makambako

Mtu wa Kidugala akitaka mfuko wa sukari hapandi basi kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Anakwenda Makambako, pale njia panda ambapo barabara ya Njombe na Songea inaachana na barabara kuu ya Tunduma, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Wenye maduka ya jumla wamekwisha kuushusha mzigo. Mteja wa kwanza akiulizia bidhaa ambayo haipo dukani, itaagizwa Dar. Wa pili ataikuta.

CDN, yaani mtandao wa kusambaza maudhui, ni Makambako nyingi zilizotawanywa duniani. Amazon ilianzisha CloudFront mwaka 2008. Vituo vyake vya kwanza barani Afrika, Johannesburg na Cape Town, vilifunguliwa mwaka 2018, na Nairobi ikafuata baadaye. Kutoka Kidugala hadi Nairobi ni chini ya kilomita 1,000. Hadi Frankfurt ni takriban 7,000. Iweke tofauti hiyo kichwani, maana katika hatua ya 5 utakutana na neno moja la kuichagua au kuitupa.

Hatua ya 3: Funga mlango wa ghala

Usiiache hifadhi yako ya S3 wazi kwa dunia nzima. Tumia utaratibu uitwao Origin Access Control, uliotolewa mwaka 2022, ili CloudFront pekee ndiyo iruhusiwe kuchota mafaili. Hapo kila msomaji atapita kituoni, na hakuna atakayezunguka kwenda moja kwa moja kwenye chanzo.

Ukitaka anwani yako mwenyewe badala ya ile ndefu ya CloudFront, utahitaji cheti cha usalama. Cheti hicho lazima kiombwe katika eneo la us-east-1, hata kama mafaili yako yanakaa Cape Town. Ukikiomba kwingine, CloudFront haitakiona, na utakesha usiku kucha ukitafuta kosa kwenye mistari isiyo na kosa.

Hatua ya 4: Ita create_distribution, na ujue kuhesabu

Distribusheni ni ule mpangilio unaoiambia CloudFront ichote wapi, itunze nini na kwa muda gani. Unaufungua kwa amri ya create_distribution, ukiikabidhi kamusi iitwayo DistributionConfig. Ndani yake weka mambo haya, pamoja na PriceClass, sera ya kashe na Comment, ambavyo vimeelezwa katika hatua ya 5, ya 6 na ya 10:

- CallerReference: alama ya kipekee ya ombi lako. Tumia tarehe na saa. Ukirudia alama ya zamani kwa mpangilio tofauti, ombi linakataliwa, na ni vyema likataliwe, kwa sababu kukataliwa huko kunakukinga usifungue distribusheni mbili kwa bahati mbaya.
- Origins: chanzo cha mafaili. Kila orodha hapa inataka ihesabiwe: ukiandika Items yenye chanzo 1, andika na Quantity kuwa 1. Hesabu na orodha zikipishana, unarudishwa mwanzo.
- DefaultCacheBehavior: tabia ya kutunza nakala. Weka ViewerProtocolPolicy kuwa redirect-to-https, na Compress kuwa True. Kurasa, mitindo na JavaScript zitapunguzwa ukubwa kabla ya kusafiri. Kila kilobaiti unayoipunguza inabaki mfukoni mwa mwenye simu.
- DefaultRootObject: kwa kawaida ni index.html. Ukiisahau, mtu akiandika anwani yako tupu atapewa kosa, atadhani tovuti imekufa, naye hatarudi.
- Enabled: True.

Hatua ya 5: Chagua PriceClass kama mtu mwenye haya

Hatua hii isome mara mbili.

PriceClass inaamua ni vituo gani vitakuhudumia. PriceClass_100 inatumia vituo vya bei ya chini, vilivyojaa Amerika ya Kaskazini na Ulaya. PriceClass_200 inaongeza maeneo mengine, ikiwamo Kenya na Afrika Kusini. PriceClass_All inatumia vyote. Wengi huandika 100 ili kubana matumizi, wakaridhika. Matokeo yake ni kwamba kwa kawaida mwanafunzi wa Kidugala anavushwa Nairobi, anavushwa Bahari ya Mediterania, na kupelekwa Ulaya kuchukua mtihani wa Hisabati ulioandikwa Dar es Salaam.

Fanya hesabu kabla ya kubana. Tangu Desemba 2021, terabaiti 1 ya kwanza ya kila mwezi inayotoka CloudFront kwenda kwa wasomaji imekuwa haitozwi kwa malipo ya kawaida. Faili la mtihani la megabaiti 1 linaweza kupakuliwa karibu mara milioni moja kabla hujalipa senti. Tovuti nyingi za shule, za kwaya na za vyama vya wakulima hazitafika huko. Kwa tovuti kama hizo, PriceClass_100 haiokoi chochote. Inamchelewesha tu mtu aliye mbali. Andika PriceClass_200 au PriceClass_All.

Hatua ya 6: Amua kitakachokaa na kisichokaa

Chagua sera ya kashe, yaani ya kutunza nakala, iliyo tayari: CachingOptimized. Chanzo chako kisiposema chochote, nakala itatunzwa kwa saa 24. Lakini chanzo kinatakiwa kiseme. Mtihani wa mwaka 2015 hautabadilika tena: upe max-age ya sekunde 31536000, yaani mwaka mzima. Mitindo na JavaScript zipe majina yenye toleo, mtindo.v7.css kwa mfano, nazo uzitunze mwaka. Ukurasa wa mwanzo upe dakika chache.

Usivihesabu kwenye ufunguo wa kashe vidakuzi na viambatisho vya anwani (query strings) visivyo na kazi. Kila tofauti inayohesabiwa inazaa nakala yake, na kituo kinajaa vitu vilevile huku kila msomaji akiambiwa asubiri.

Ongeza stale-if-error, ili chanzo kikiwa hakipatikani, nakala ya zamani iendelee kutolewa. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku kama hiyo, nakala iliyokwisha kuwekwa karibu ina nafasi nzuri zaidi ya kumfikia mtu kuliko faili linalongoja mkongo wa kwenda ng'ambo.

Lakini alama za mwanafunzi, namba yake ya simu na malipo yake ya ada visikae kwenye kashe ya pamoja hata kwa sekunde moja. Vipe sera ya CachingDisabled na uviandikie private, no-store, maana chini ya CachingOptimized nakala hukaa angalau sekunde moja hata ukiandika hivyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na hata isingekuwapo, siri za mtoto wa watu hazitandazwi.

Hatua ya 7: Ukitaka kubadilisha, chukua kwanza

CloudFront haipokei badiliko nusu. Huwezi kutuma mstari mmoja tu ukasema mengine yabaki. Ita get_distribution_config, upokee mpangilio wote pamoja na ETag, yaani alama ya toleo lake, badilisha unachotaka, kisha urudishe mpangilio wote kwa update_distribution, ETag ukiiweka kwenye IfMatch. Kama mwenzako amebadilisha kitu katikati, ombi lako litakataliwa. Shukuru, chukua upya, anza tena. Namna hiyo watu wawili wanafanya kazi moja bila kufutiana.

Kisha subiri. Badiliko linasambazwa vituo vyote, na boto3 ina kisubirishi kiitwacho distribution_deployed kitakachokwambia limefika. Usitangaze kabla yake.

Hatua ya 8: Futa kwa kiasi

Ukigundua faili lina kosa, ita create_invalidation. Njia 1,000 za kwanza kila mwezi ni bure, na njia yenye kinyota mwishoni inahesabiwa moja. Ila usiandike /* kila mara unaporekebisha nukta, maana unavimwaga vituo vyote na kuwalazimisha wasomaji wote waanze upya. Faili lililopewa jina lenye toleo halihitaji kufutwa. Toleo jipya linakuja na jina jipya.

Hatua ya 9: Sasa basi lipande wewe

Usipime tovuti kwenye kompyuta ya ofisini yenye waya wa kasi. Nenda, au mwombe yule mtu wako, mpime kwa laini ambayo watu wa huko wanaitumia. Toa salamu, kamwene, kabla ya kutoa simu. Tazama heda za jibu. X-Cache ikisema Hit from cloudfront, nakala ilikuwa kituoni. X-Amz-Cf-Pop inaanza na herufi tatu za kiwanja cha ndege kilicho karibu na kituo kilichokuhudumia: NBO ni Nairobi, JNB ni Johannesburg, FRA ni Frankfurt.

Ukiona FRA, usikate tamaa. Njia ya intaneti haifuati ramani; inafuata mikataba ya kampuni za simu. Pima kwa mtandao mwingine, pima asubuhi na jioni, andika majibu. Ukipata takwimu hizo unaweza kwenda kwa mtoa huduma ukazungumza kwa ushahidi, au ukachagua CDN nyingine yenye kituo karibu zaidi.

Hatua ya 10: Jaza sehemu ya Comment

DistributionConfig inakulazimisha kuweka sehemu ya Comment, na wengi huiacha tupu au huandika neno "jaribio". Una herufi 128. Andika sababu: "PriceClass_200 kwa ajili ya wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini. Usishushe bila kupima Njombe." Siku moja utahama kazi, na mtu mwingine atafungua mpangilio huo akitafuta pa kupunguza gharama. Hatamjua mwanafunzi wa Kidugala wala hatakuwa na namba yako. Sentensi hiyo ndiyo itakayomzuia mkono, na inakugharimu dakika moja.